Gunia Lililobeba Usiku Wake

Mgeni alifika mashine ikiwa imezimwa, saa ambayo hata kuku wa jirani wanajua hakuna cha kudonoa. Fundi alikuwa ameketi sakafuni, ungo mapajani, akichambua mchele punje moja moja, aliposikia kitu kizito kikitua mlangoni. Aliinua macho. Bibi mmoja alikuwa amesimama kwenye mwanga, mkavu kama suke lililokwisha kupukutishwa, amejitanda nguo nzito ya rangi ya vumbi. Miguuni pake palikuwa na gunia la mpunga. Hakukuwa na mlio wa gari wala mkokoteni, na gunia lile halikuwa la kubebwa na mgongo wa umri ule.

"Shikamoo," bibi alisema.

Fundi akacheka. "Bibi, unanitania mchana kweupe. Hiyo ni yako. Shikamoo."

Bibi hakucheka. Kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake, akajibu kwa sauti ndogo, "Marahaba." Neno lenyewe lilimtoka kwa shida.

"Karibu ndani, huko nje jua linakula watu. Tukusaidie nini?"

"Nikoboleeni mpunga. Nataka sahani moja ya mchele mzima. Utakaobaki ni wenu."

"Gunia zima upate sahani moja?"

"Nimepita mashine nyingi. Kote natoka na unga."

Kuna watu ambao ulimi wao hutangulia miguu, na Fundi alikuwa mmoja wao. Aliurithi ulimi huo pamoja na mashine. Marehemu baba yake, aliyeijenga nyumba ile kwa mabati na ubishi, alikuwa na msemo wake: mashine hii haimrudishi mtu. Alikoboa mpunga wa wenye magunia mia na wa yatima mwenye kikapu, na hakuna aliyeondoka akisonya. Basi Fundi akasema, kwa wepesi ule ule wa kumsogezea mgeni kigoda, "Bibi yangu, hapa hutoki bila sahani yako ya mchele mzima. Nakuahidi."

"Umeahidi," bibi alisema.

"Nimeahidi."

Ni baada ya kusema hivyo ndipo alipoutazama tena ungo uliokuwa mapajani mwake, na moyo ukamshuka.

Msimu ule mchele ulikuwa umewageuka. Shambani mpunga ulisimama vizuri, masuke yakainama kama kawaida yake, lakini ulipofika mashineni ulitoka na matumbo meupe. Punje njema ukiiinua kwenye mwanga inapitisha nuru kama ukucha wa mtoto. Hizi zilikuwa na doa katikati, jeupe, zito, kama jicho la samaki aliyepikwa. Na punje yenye doa haistahimili mashine. Ikiguswa tu inakatika. Wakulima waliingia na mpunga, wakatoka na chenga.

Aliyeujua ugonjwa huo vizuri ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, bwana shamba wa bonde lile. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa masafa marefu, na nyumbani alionekana kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo shemeji ndiye aliyekuwa wa kumtania na wa kumtuma.

"Shida si mchana, shemeji," alikuwa amemwambia. "Shida ni usiku. Punje inapojaa, mmea unapanga wanga ndani yake kama mwashi anavyopanga matofali. Usiku ukipoa, mmea unapumzika na matofali yanakaa sawa. Usiku ukiwa wa moto, mmea unahema mpaka asubuhi, unakula akiba yake wenyewe, na matofali yanarundikwa mbiombio, yana nafasi katikati. Ule weupe unaouona ndizo hizo nafasi. Ni hewa."

"Kwa hiyo tunauza hewa."

"Wenzetu wanauza hewa kwenye matairi, sisi kwenye magunia."

Dawa aliijua pia, walau nusu yake: wapande mapema, ili punje zijae kabla ya majira ya usiku wa moto, na wajaribu mbegu zinazowahi kukomaa. Alikuwa amezunguka bonde zima akilisema hilo. Wakulima walimsikiliza kwa heshima na wakampuuza kwa heshima.

Na siku hiyo, alasiri, mnunuzi mkubwa alikuwa anakuja kutazama sampuli. Akiukubali mchele, angenunua wa bonde zima. Akiukataa, hakuna ambaye angeleta tena mpunga pale, na mashine ya baba ingeishia kwa wauza chuma chakavu. Ndiyo maana Fundi alikuwa sakafuni tangu alfajiri. Walikuwa wamekubaliana yeye na shemeji: wachague punje safi kutoka kila gunia mpaka wajaze sahani, waseme huo ndio mchele wetu.

"Si uongo," shemeji alikuwa amesema, akitazama pembeni. "Ni wetu huo huo."

"Ni wetu, ila umechaguliwa kama timu ya taifa."

Sasa sahani ilikuwa imejaa. Ilikaa juu ya benchi karibu na dirisha, punje zake zinang'aa kama matone. Katika nyumba ile nzima, hiyo ndiyo iliyokuwa sahani pekee ya mchele mzima.

Fundi alijikaza, akaliinamia gunia la mgeni alifungue. Mkono ukarudi wenyewe. Gunia lilikuwa la moto. Halikuwa moto wa jua, maana jua huchoma juu juu. Huu ulitoka ndani, wa taratibu, kama wa kifua cha mtoto mwenye homa.

Kisha akaliona fundo. Mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa kwa kamba, na kamba imeishia kwenye fundo lenye masikio mawili na mkia uliofichwa ndani. Baba yake ndiye aliyelibuni, ili ajue kama gunia limefunguliwa njiani. Alimfundisha binti yake peke yake, na Fundi hakuwa amemfundisha mtu bado.

"Nani aliyelifunga hili?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Yeye alifundishwa na baba yake."

Fundi alijiambia kwamba vidole ni kumi dunia nzima, na mafundo lazima yafanane. Alilifungua bila kuangalia, maana mikono ilijua njia.

Nyuma yake, binti yake mdogo alikuwa anachimba kwenye rundo la pumba. Alizaliwa kabla ya siku zake, kiganja kizima kilimtosha, na babu yake alipomwona alisema, "Hii ni chenga tu, lakini chenga nayo hushibisha." Jina likamganda. Sasa alikuwa anajua kukimbia na kubisha, na mgeni yeyote akitokea alijificha na kulia. Leo hakuwa amelia.

"Chenga," Fundi aliita bila kugeuka, "toka huko kwenye pumba."

Kwenye kioo kilichovunjika kilichoegemezwa ukutani aliona vichwa viwili vikigeuka kwa pamoja, cha mtoto na cha bibi.

Hakupata nafasi ya kulifikiria hilo, kwa sababu shemeji aliingia, kofia mkononi, jasho shingoni. "Shemeji, hujambo? Naona leo una mgeni. Bibi, shikamoo. Usikubali kula hapa, huyu akipika hata paka anahama."

"Muulize kaka yako kwa nini harudi nyumbani mwembamba," Fundi alisema. "Hebu shika gunia hili."

Alilishika. Utani ukamwisha. Alitoa mfukoni kipimajoto chake, kile alichokuwa akikitundika kwenye majaruba ya mpunga ili asome joto la usiku, akakizamisha ndani ya mpunga. Mstari mwekundu ukapanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi anazozijua, ukapita alama ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameichora kwa kalamu, ukaendelea.

"Alama hii ni usiku mbaya kuliko wote niliopima bondeni," alisema. "Huu umeupita. Hakuna usiku wa namna hii hapa kwetu."

"Bado," bibi alisema.

"Huu mpunga ni wa wapi, bibi?"

"Wa huko ninakotoka."

"Na mbona una moto hivi? Umekaa kwenye gari?"

"Mpunga hausahau usiku wake, mwanangu. Unaubeba."

Shemeji alimtazama Fundi. Fundi alikuwa amechota mpunga kiganjani na alikuwa anaukodolea macho. Kila punje ilikuwa na unywele mrefu kichwani, mwembamba, wa rangi ya shaba. Hiyo ilikuwa singa, mbegu ambayo baba yake aliichagua suke kwa suke maisha yake yote, na ilipandwa kwenye jaruba moja tu duniani, lililokuwa nyuma ya nyumba ya Fundi. Mwaka ule alikuwa hajaivuna bado.

Angeuliza. Ulimi wake wote ule, na hakuuliza. Aliona afadhali kufanya kazi, kwa kuwa kazi ina mwanzo na mwisho. Alimimina mpunga kwenye mdomo wa mashine, akakirudisha kipimajoto ndani ya gunia tupu, akakaza mkanda, akaenda kwenye injini na kuuzungusha mpini. Injini ikakohoa ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikanyamaza. Mara ya tatu baba yake asingeigusa kabla ya kuibembeleza, na Fundi alikwisha kufungua kinywa ili aibembeleze kwa maneno ya baba, lakini nyuma yake sauti kavu ilimtangulia.

"Amka, bwana mkubwa, watu wana njaa."

Injini ikawaka.

Mchele mzima ukikobolewa husikika kama mvua juu ya bati. Fundi alilala na kuamka na mlio huo tangu utoto. Mlio wa siku hiyo ulikuwa mwingine. Ulikuwa kama wa mtu anayetafuna chaki gizani, taratibu, bila kumeza. Makapi yalitoka kwa nyuma, pumba ikafuata, kisha kwenye bomba la mchele kukatoka kitu cheupe kilichokataa kudondoka. Kilining'inia hewani kama moshi, vuguvugu kwenye midomo, kikajaa kwenye nyusi za shemeji mpaka akaonekana mzee. Chenga mdogo alinyoosha mkono akikikamata. Hakupiga chafya wala hakucheka.

Mashine ilipozimwa, Fundi alipepeta. Alipepeta tena. Akainua ungo kuelekea dirishani akitafuta punje moja, moja tu, inayopitisha nuru. Ungo ulijaa weupe mtupu, na mwanga ulifika pale ukaishia pale.

"Si kosa lako," bibi alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mtoto amemshika kidole. "Kote ni hivyo. Wajukuu zangu wanajua uji peke yake. Nikiwaambia kwamba mchele ulikuwa na umbo, kwamba uliweza kuishika punje na kuona dirisha upande wa pili, wananicheka. Wanasema bibi anatunga. Niliwaahidi sahani moja, waone kwa macho yao."

"Bibi, nisikilize," Fundi alisema. "Lala hapa. Kesho nitakaa nikuchambulie kutoka magunia mengine."

"Kesho sitakuwapo."

"Basi hata jioni."

Bibi alivuta nguo yake vizuri mabegani. Katika joto lile lote hakuwa na tone la jasho. "Mama yangu," alisema polepole, "alipokuwa anaaga dunia hakuzungumza habari za mali wala maradhi. Alizungumza habari ya mgeni mmoja. Alimwahidi mgeni huyo sahani ya mchele mzima, na sahani ilikuwapo, hakumpa. Alikuwa na sababu nzuri. Alinieleza sababu hiyo mara nyingi, na kila mara aliishia kulia."

Shemeji alikwenda akasimama kati ya bibi na benchi, pole pole, kama mtu anayejinyoosha tu. Na nje, gari likaunguruma likasimama.

Mnunuzi alikuwa mtu mchangamfu, kucha safi, leso begani. Alipangusa viatu mlangoni kama anayeingia benki, akasalimia kila mmoja, mpaka mtoto. "Nimeambiwa hapa mchele bado ni mchele," alisema. "Nimetembea wiki nzima nikionyeshwa chokaa. Nipeni raha."

Shemeji alikuwa ameishika sahani tayari. Aliiweka mbele yake. Mnunuzi akainama, akavuta pumzi, uso ukamlainika. "Hapa sasa," alisema. "Hapa sasa tunaongea." Akanyoosha vidole achote.

"Hiyo si yako, bwana," Fundi alisema.

Vidole vikabaki hewani.

"Shemeji," bwana shamba alinong'ona, karibu na sikio lake, "usifanye hivyo. Fikiria watu. Fikiria mashine ya mzee."

Aliifikiria. Fundi aliifikiria kwa uchungu kuliko shemeji. Aliyaona magunia ya majirani yaliyopangwa ukutani, kila moja na alama ya mwenyewe ya mkaa, na mama wa kila gunia akimuuliza kesho kisimani: ni kweli ulikuwa na sampuli ukaigawa? Aliiona injini ikipakiwa kwenye lori kwa vipande. Mikono yake ilikwishaigusa sahani na haikuwa inakwenda popote. Alisubiri bibi aombe, kwa kuwa mtu akiomba unaweza kumkatalia. Bibi hakuomba. Alikuwa ameinama anamfundisha mtoto kitu kwa kipande cha kamba, sikio moja, sikio la pili, na mtoto, ulimi nje, anafuata.

"Ina mwenyewe," Fundi alimwambia mnunuzi. "Nimechelewa kumpa, basi."

Akapiga magoti mbele ya kigoda, akatandaza pembe ya ile nguo nzito, akamimina. Mchele ulianguka kwa mlio wa mvua juu ya bati. Akakusanya ncha za nguo, akafunga fundo la baba, masikio mawili, mkia ndani. Kisha akainuka, akachota kwenye gunia la kwanza lililokuwa karibu, akamwekea mnunuzi sahani ile ile.

"Mchele wa bonde ndio huu. Ile niliichambua mimi ili ikudanganye. Samahani."

Mnunuzi aliuma punje, ikapasuka kabla meno hayajakutana. Akaitoa kwa leso, kwa adabu. Alionekana mwenye huzuni ya kweli. "Mama, nashukuru umeniambia. Lakini huu ukifika mjini utakuwa umekwisha kuwa unga. Siwezi." Akaaga tena kila mmoja, mpaka mtoto. Gari likageuza, vumbi likalifuata.

Shemeji alikaa juu ya magunia kama aliyekatwa miguu.

"Sasa tutawaambia nini wakulima?"

"Tutawaonyesha matumbo meupe. Wote, sahani kwa sahani. Halafu utawaambia tena habari ya kupanda mapema."

"Walikwisha kunipuuza kwa heshima."

"Safari hii watakusikiliza kwa hasira. Mwenye hasira angalau husikiliza. Na jaruba la kwanza kupandwa mapema litakuwa langu. La singa."

Shemeji alitaka kucheka, akashindwa, akainama kuokota kipimajoto chake kwenye gunia tupu la mgeni. Akakitazama. Akakipangusa kwa shati akakitazama tena. Mstari mwekundu ulikuwa umeshuka chini ya alama ya kalamu, na bado ulikuwa unashuka, ngazi kwa ngazi. Fundi aliliwekea gunia kiganja. Lilikuwa baridi, baridi ya majani asubuhi yakiwa na umande.

Bibi alikuwa amefika mlangoni, nguo yake ameikumbatia kifuani. Kwa kila hatua punje zilisikika zikigusana, nzima, nyingi. Pale kizingitini ndipo alipogeuka.

"Shikamoo," alisema.

Mtoto aliyekuwa sakafuni aliinua kichwa, fundo lake la kwanza likining'inia kwenye vidole, lina sikio moja zuri na jingine limelegea.

Fundi hakucheka mara hii.

"Marahaba, mwanangu," alijibu.